Khunjerab kwa Siku Moja: Kupanda kwa Gari Hadi Mpaka wa Pakistan na China na Kurudi Salama

Barabara ya Karakoram huanzia Hasan Abdal, si mbali na Islamabad. Hupanda kuelekea kaskazini ikifuata mto Indus, halafu mto Gilgit, halafu mto Hunza, mpaka inafika mita 4,693 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo Khunjerab, mpakani mwa Pakistan na China. Hakuna kivuko kingine cha mpaka wa nchi mbili chenye barabara ya lami kilichoko juu kuliko hicho. Pakistan na China ziliijenga barabara hiyo kwa pamoja. Ilikamilika mwaka 1979, na mwaka 1986 ikafunguliwa kwa wasafiri wa kawaida.

Lami hiyo ndiyo raha ya Khunjerab na ndiyo hatari yake. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika kituo cha Kibo, kimo kinachokaribiana na hiki, siku ya tatu au ya nne, mwili wake ukiwa umepewa nafasi ya kuzoea. Khunjerab unafika kwa saa mbili na ushei kutoka mji wa mwisho, umekaa kitini, unatafuna biskuti. Gari limefika, mwili bado uko njiani. Kwa hiyo maneno mengi hapa yanahusu mambo ya kufanya kabla hujafika na wakati wa kuteremka. Juu penyewe hapana mengi: kuna lango kubwa la Wachina, uzio, upepo, na watu wanaosubiriana kupiga picha. Uzuri wa safari uko kwenye kilomita 85 za kutoka Sost, mji huo wa mwisho, kwenda mpakani, na wengi huzipita wakiwa wamelala garini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda na kurudi upande wa Pakistan. Anayetaka kuvuka aingie China atapata maelezo yake mwishoni.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kwa mtalii, msimu ni Mei hadi Oktoba. Kwa miaka mingi mpaka ulikuwa ukifungwa kipindi cha baridi kwa sababu ya theluji, Desemba hadi Machi. Ulifungwa pia miaka mitatu ya korona, ukafunguliwa tena Aprili 2023. Siku hizi nchi mbili hizo zimekubaliana kuuacha wazi hata wakati wa baridi kwa ajili ya mizigo. Lakini barabara kuwa wazi kwa malori yenye minyororo ya magurudumu hakumaanishi kuwa inakufaa wewe na gari dogo la kukodi.

Mei kuna theluji kandokando ya barabara na watu ni wachache. Julai na Agosti ndiko kuna joto, na ndiko kuna matatizo mawili. La kwanza ni mvua za masika ya Kusini mwa Asia, ambazo huporomosha mawe na udongo kwenye sehemu za chini za barabara, hasa Kohistan. La pili ni umati: familia kutoka Lahore na Karachi hupanda kukimbia joto la tambarare, na siku za Idi foleni ya magari huko juu huwa ndefu. Kama uchaguzi ni wangu, nachagua mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Anga huwa safi, miti ya Hunza inageuka rangi ya dhahabu, na barabara imetulia. Baridi ya asubuhi huwa kali, lakini baridi hutibiwa kwa koti. Barabara iliyofunikwa na mawe haina tiba ya haraka.

Usisahau pia kwamba milima hii ina mito ya barafu, na mito ya barafu ina mambo yake. Mei 2022 maji yaliyokuwa yamezuiwa na barafu ya Shisper yalipasuka ghafla na kulisomba daraja la Hassanabad, kwenye barabara hiihii kuu. Weka siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kurudi. Usiziguse mpaka umeshuka.

Hatua ya 2: Visa, nakala na bima

Visa ya Pakistan huombwa kwa mtandao kabla ya safari, kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Andaa pasipoti, picha, na uthibitisho wa hoteli au barua ya kampuni ya utalii. Masharti na ada hutofautiana kwa uraia, kwa hiyo soma ya pasipoti yako wewe, si ya rafiki yako.

Jambo linalowachanganya wengi: kwenda Khunjerab na kurudi hakuhitaji visa ya China. Hugongewi muhuri wa kutoka, na kisheria hujaondoka Pakistan. Hata mwenye visa ya kuingia mara moja tu anaweza kwenda bila wasiwasi, maana hatakuwa amevuka.

Chapisha nakala nyingi za ukurasa wa pasipoti na za visa, kumi au zaidi. Njia ya kutoka Islamabad hadi Hunza ina vizuizi vingi vya polisi ambako mgeni huandikishwa jina. Ukiwa na nakala unampa askari karatasi, dakika moja mnaondoka. Ukiwa huna, dereva anashuka, daftari linafunguliwa, abiria wote wanakutazama. Sehemu nyingine polisi huamua kulisindikiza gari lenye wageni. Si jambo la kubishania.

Soma bima yako kwa makini sehemu mbili. Kwanza, inafika kimo gani? Bima nyingi za kawaida huishia mita 3,000 au 4,000. Pili, Gilgit-Baltistan, eneo la kaskazini mwa Pakistan unalopita, ni sehemu ya mgogoro wa Kashmir kati ya India na Pakistan, na baadhi ya bima hujitoa panapokuwa na onyo la usafiri la serikali. Waulize kwa maandishi, wakujibu kwa maandishi.

Hatua ya 3: Muulize daktari kabla ya kumuuliza wakala

Khunjerab shinikizo la hewa ni kama asilimia 57 ya lile la pwani. Oksijeni hewani ni ileile asilimia 21. Kilichopungua ni msukumo wa kuiingiza kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya atahema akipanda ngazi chache. Mtu mwenye maradhi ya moyo au mapafu anaweza kuzidiwa. Wajawazito na wazazi wenye watoto wachanga ni bora waishie Passu, kijiji kilicho kabla ya Sost, ambako milima ni mizuri zaidi hata hivyo.

Kuna kundi ambalo miongozo mingi ya safari hii hailitaji, na kwetu ni kubwa: watu wenye selimundu. Upungufu wa oksijeni hufanya chembe nyekundu zigeuke umbo na kuziba mishipa midogo, na kimo kama hiki kinaweza kuleta maumivu makali. Hata aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu milimani. Kama hujui hali yako na kwenu ugonjwa huo upo, pima kwanza. Ni kipimo cha damu tu.

Muulize daktari pia kuhusu dawa ya acetazolamide, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox. Husaidia mwili kuzoea kimo, na huanza kunywewa siku moja kabla ya kupanda. Itakupeleka msalani mara kwa mara na kukutia ganzi ya vidole, na wenye mzio wa dawa za salfa wanapaswa kumwambia daktari kabla hajaiandika. Kwa safari ya kupanda na kushuka siku hiyohiyo wengi hawaihitaji. Anayetaka kuvuka na kulala upande wa pili ana sababu zaidi ya kuifikiria.

Hatua ya 4: Fika Hunza bila papara

Kuna ndege kutoka Islamabad hadi Gilgit. Ukikaa upande unaoelekea Nanga Parbat, mlima wa mita 8,126, utausahau mwili wako wote. Lakini ndege hiyo hutegemea hali ya hewa, na kufutwa kwake ni jambo la kawaida. Usipange safari nzima juu yake.

Kwa gari kuna njia mbili. Ya Kohistan hupita bonde la Indus na huwa wazi mwaka mzima, lakini ni ndefu na ya kuchosha. Ya Babusar hufupisha, nayo hupita mita 4,173 na hufunguliwa miezi ya joto tu. Ukipitia Babusar usikae pale juu kunywa chai ndefu. Umetoka karibu mita 540 za Islamabad siku hiyohiyo.

Lala Gilgit usiku mmoja kama umechoka. Mji uko mita 1,500 hivi. Ng'ambo ya mto, Danyore, kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakiijenga barabara hii. Kwa jumla ilichukua roho za Wapakistani zaidi ya 800 na Wachina wapatao 200, wengi wao kwa maporomoko na baruti. Ukisimama pale nusu saa, utaitazama kila kona ya barabara kwa macho mengine.

Kisha panda Karimabad, mji mkuu wa zamani wa Hunza, kama kilomita 100 kutoka Gilgit. Uko takribani mita 2,500. Hapa ndipo pa kukaa, angalau siku mbili. Tembea hadi ngome ya Baltit, kula chapshuro, yaani mkate uliojazwa nyama, kunywa maji ya aprikoti zilizokaushwa. Unadhani unastarehe, kumbe mwili unafanya kazi: unapumua haraka kidogo usiku, figo zinarekebisha damu, na kila usiku unaolala hapa unakuondolea sehemu ya maumivu ya kichwa ya kesho kutwa.

Hatua ya 5: Sogea Passu au Sost

Watu wengi huondoka Karimabad alfajiri, wakafika mpakani, wakarudi usiku. Ni zaidi ya kilomita 340 za barabara ya mlimani kwa siku moja, na nusu ya mandhari unaipita gizani. Inawezekana, ila sioni sababu. Afadhali ulale Gulmit, Passu au Sost.

Njiani utapita ziwa la Attabad. Rangi yake ya samawati huwafanya watu wadhani limekuwepo tangu enzi. Tarehe 4 Januari 2010 mlima uliporomoka, ukaua watu 20 na kuuziba mto Hunza. Maji yakajaa nyuma yake, yakameza vijiji na barabara kuu. Kwa zaidi ya miaka mitano magari na mizigo vilivushwa kwa mashua, mpaka mahandaki mapya yalipofunguliwa Septemba 2015. Ukipita kwenye mahandaki hayo, washa taa na usisimame ndani kupiga picha.

Passu ina vilele vyake vilivyochongoka kama meno, kirefu zaidi kikiwa na mita 6,106, na mto wa barafu wa Batura hauko mbali. Sost iko kaskazini zaidi, takribani mita 2,800. Si mji wa kupendeza: ni malori, forodha, maduka ya kubadilisha fedha na vumbi. Faida yake ni kwamba asubuhi unaanza karibu. Mimi nampa mtu shauri la Passu kwa macho na Sost kwa saa. Mwenye watoto achague Passu.

Hatua ya 6: Gari na dereva

Gari dogo la kawaida linafika. Usikubali kuuziwa safari ya jeep kwa hoja kwamba hakuna gari lingine linaloweza. Wakati wa theluji hoja inabadilika, na hapo uliza minyororo ya magurudumu iko wapi, uione kwa macho. Injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake huko juu, kwa hiyo watu wanne wakubwa na mizigo yao ndani ya gari la injini ndogo mtapanda kona za mwisho kwa kunung'unika.

Patana kabla ya kuondoka, na mpatane mambo yote: mafuta ni ya nani, ada ya gari hifadhini ni ya nani, kusubiri juu kunahesabiwaje, na kusimama njiani mara nyingi kunaruhusiwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Dereva aliyezoea kukimbiza watalii wa picha moja ataona kila kituo chako ni hasara. Mwambie tangu jana yake kwamba unataka kwenda polepole. Mwite bhai, yaani ndugu, kama wanavyoitana wao, na umnunulie chai.

Kagua gurudumu la akiba. Jaza tangi Sost. Beba rupia za taslimu za kutosha, kwa sababu mashine za fedha za kutegemewa ziko huko nyuma, Aliabad na Karimabad. Ndiyo, juu mpakani kuna mashine ya Benki ya Taifa ya Pakistan iliyowekwa mwaka 2016, na inatajwa kuwa ya juu kuliko zote duniani. Itumie kama mapambo. Ikitoa pesa, hiyo ni bahati yako. Kuhusu simu, mtandao wa SCOM ndio unaoshika zaidi Gilgit-Baltistan. Waage wa nyumbani ukiwa Sost.

Hatua ya 7: Vya kubeba

Nguo za tabaka, si koti moja zito: fulana, sweta, koti la kuzuia upepo, kofia ya masikio na glavu. Hata Julai theluji inaweza kukuangukia. Jua nalo si la mchezo. Mionzi yake inayounguza huongezeka kama asilimia kumi kila unapopanda mita 1,000, na theluji huirudisha usoni kutoka chini. Miwani ya jua na krimu ni lazima, na ngozi nyeusi haikuondolei wajibu huo. Midomo hupasuka kabla hujajua, paka mafuta.

Maji lita mbili kwa mtu. Chakula chepesi cha wanga: mkate, ndizi, aprikoti kavu, biskuti. Pakiti za chipsi zitavimba mpaka zikaribie kupasuka. Zisikutie hofu, ni hewa ya chini inayotanuka. Dawa ya maumivu ya kichwa, mfuko wa plastiki kwa anayetapika, na mfuko mwingine wa takataka zako. Vyoo ni vichache na hali yake hutofautiana, kwa hiyo karatasi iwe yako.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kula kifungua kinywa chepesi, ondoka Sost saa moja asubuhi. Mchana upepo huzidi, mawingu hujikusanya, na magari ya watalii kutoka Karimabad yanakuwa yamefika. Ukiwahi, utashuka wakati wao wanapanda.

Baada ya Sost barabara huingia kwenye korongo jembamba, mto upande mmoja, ukuta wa mawe upande mwingine. Sehemu hii usisimame ovyo. Ukiona mawe mapya madogo barabarani, kuna mengine juu yanayojiandaa. Kama nusu ya njia utafika Dih, lango la Hifadhi ya Taifa ya Khunjerab. Hapa unaandikishwa na kulipa kiingilio. Mgeni hulipa zaidi sana kuliko raia, na ndivyo ilivyo. Chukua risiti.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1975, mwanabayolojia Mmarekani George Schaller akiwa miongoni mwa waliopendekeza. Shabaha kubwa ilikuwa kumlinda kondoo-mwitu wa Marco Polo, mwenye pembe zilizojipinda kama bomba. Usiahidiwe kumwona, wala chui-theluji. Utakaowaona ukisimama na kunyamaza ni mbuzi-mwitu wa milimani, ambao asubuhi huteremka hadi karibu na mto, na marmoti, wanyama wanene wa jamii ya kindi wanaosimama wima mlangoni mwa mashimo yao wakipiga mbinja. Watalii huwalisha biskuti. Wewe usiwalishe: wanahitaji mafuta ya majani kwa usingizi wa miezi ya baridi, na biskuti haiwavushi. Majira ya joto utaona pia yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, wa wafugaji wa Kiwakhi. Ni mali ya watu, uliza kabla ya kumsogelea na kamera.

Simama angalau mara mbili kati ya Dih na juu, dakika kumi na tano kila mara. Tembea kidogo, kunywa maji, tazama wenzako usoni. Hapa ndipo pa kuamua. Mtu ambaye kichwa kimeshaanza kumgonga mita 3,800 hatapata nafuu mita 4,693. Baada ya hapo barabara hujikunja kona baada ya kona, na ghafla milima inafunguka. Wengi hutarajia kilele. Wanachokuta ni uwanda mpana wenye nyasi fupi na theluji.

Hatua ya 9: Juu mpakani, nusu saa inatosha

Shuka garini taratibu. Usikimbie, usimbebe mtoto begani, usirukeruke kwa ajili ya video. Kichwa chepesi na pumzi fupi dakika za kwanza ni kawaida. Ongea kidogo, vuta hewa kwa kina.

Fuata maelekezo ya askari kuhusu mwisho wa kutembea. Umbali wa kulisogelea lango hubadilika siku hadi siku, na anayeamua ni wao. Usiguse uzio, usiwapige picha wanajeshi wa upande wowote, usirushe droni. Mguu mmoja upande wa China kwa ajili ya picha ni kuvuka mpaka bila kibali, na hakuna anayecheka.

Ukishamaliza lango, ligeuzie mgongo, hapo ndipo pa kutazama. Theluji inayoyeyuka upande wa Pakistan inashuka mto Hunza, inaingia Gilgit, inaingia Indus, na kumalizikia Bahari ya Arabuni, maji yaleyale ya Bahari ya Hindi. Inayoyeyuka hatua chache upande wa pili inakwenda bonde la Tarim, na huko hupotelea jangwani bila kuiona bahari. Hapa pia ndipo magari hubadilisha upande: Pakistan huendesha kushoto, China kulia. Na saa inaruka. Saa sita mchana ya Pakistan ni saa tisa alasiri ya Beijing.

Dakika thelathini, arobaini zikizidi, kisha garini. Sababu si ukali wangu. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza baada ya kukaa juu muda wa saa sita hadi kumi na mbili, ingawa wengine huwawahi mapema. Anayepanda na kushuka chini ya mita 3,000 siku hiyohiyo huwa ameukimbia kabla haujamkamata. Anayepiga soga kwa saa nne kwa sababu anajisikia vizuri anausubiri.

Hatua ya 10: Mtu akiugua

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu: huo ni ugonjwa wa kimo mpaka ithibitike vinginevyo. Usitafute sababu nyingine, usiseme ni njaa. Geuzeni gari. Dawa ya maumivu inaruhusiwa, ila ni ya kumsaidia wakati mnashuka, isiwe kisingizio cha kubaki.

Dalili za hatari ni hizi: anayumba kama mlevi na hawezi kutembea kwa mstari, anachanganyikiwa maneno, anahema hata akiwa ameketi, anakohoa povu au mate yenye damu, midomo imegeuka rangi. Hapo ubongo au mapafu yanajaa maji. Mteremshe wakati huohuo, hata kama wenzake hawajapiga picha, mkalishe wima, mpe oksijeni kama dereva anayo, na mwendo uwe mmoja hadi hospitali ya Aliabad au Gilgit. Vikopo vidogo vya oksijeni vinavyouzwa kwa watalii huisha kwa dakika chache. Visikudanganye mkabaki.

Asiye na dalili aendelee kunywa maji, ale chakula cha mchana akiwa ameshafika Sost au Passu, na asinuie kulala juu zaidi ya hapo usiku huo.

Ukitaka kuvuka kwenda China

Kama pasipoti yako inahitaji visa ya China, lazima uwe nayo tayari. Mpakani haitolewi. Muhuri wa kutoka Pakistan hugongwa Sost, kilomita 85 kabla ya mpaka wenyewe, na kuanzia hapo mgeni husafiri kwa basi hadi Tashkurgan, mji wa upande wa China. Kuvuka kwa miguu au kwa baiskeli hairuhusiwi, ingawa waendesha baiskeli hupanda hadi juu kwa upande wa Pakistan. Mwenye gari lake mwenyewe anahitaji kampuni ya China iliyomwandalia vibali mapema.

Andaa siku nzima. Upekuzi wa upande wa China ni wa kina: mizigo hufunguliwa yote, na simu na picha huweza kukaguliwa. Usibebe barua za watu wala vifurushi ulivyoombwa kufikisha. Badilisha rupia kuwa yuan ukiwa Sost, maana ukishavuka hakuna anayezitaka. Tashkurgan iko kama mita 3,100, na utakuwa umekaa juu ya mita 4,000 muda mrefu kuliko mtalii wa siku moja, kwa hiyo zile siku mbili za Karimabad si za hiari kwako. Ukifika, uliza kila ratiba imeandikwa kwa saa ipi. Basi na ofisi hufuata saa za Beijing, lakini wenyeji wengi wa Xinjiang, jimbo hilo la China, hutumia saa zao, nyuma kwa saa mbili.